Bei ya Mchezaji Msaidizi wa NBA Huanzia Kwenye Hesabu za Timu

Wengi wakitaka kujua mchezaji msaidizi, yaani asiye nyota wa timu, anastahili kulipwa kiasi gani, hukimbilia wastani wake wa pointi. Anzia kwingine: ni timu zipi zinaruhusiwa kumlipa kiangazi hicho?

Mchukue Bruce Brown. Mwaka 2022 alisaini Denver kwa takriban dola milioni 6.5 kwa msimu. Akafunga wastani wa pointi 11.5, na katika mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Miami akaweka 21 akitokea benchi. Denver wakatwaa ubingwa, kisha wakampoteza. Walimtaka sana, lakini alikuwa amewatumikia msimu mmoja tu, na timu iliyovuka kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi imeiwekea kila timu, huruhusiwa kumwongezea mchezaji wa aina hiyo asilimia 20 pekee, yaani kufikia kama milioni 7.8. Angekuwa na misimu mitatu, wangeweza kumlipa chochote hadi kiwango cha juu cha ligi. Hizo ndizo haki za Bird. Zikague kabla ya takwimu yoyote.

Indiana walikuwa na nafasi chini ya kikomo, wakampa milioni 45 kwa miaka miwili, timu ikiwa na hiari ya kuufuta wa pili. Mwaka wa kwanza ulikuwa milioni 22, na kikomo cha 2023-24 kilikuwa milioni 136: asilimia 16. Pima hivyo kila mara, kwa asilimia, kwa kuwa kikomo hupanda na dola za miaka tofauti hazilingani. Fungu maalumu la kusajili kwa timu zilizovuka kikomo lilikuwa milioni 12.4, kama asilimia 9. Timu ghali zilibaki na milioni 5, na zilizo ghali kabisa hazikuwa na fungu hilo. Wasaidizi wengi hugota hapo.

Je, alilipwa kupita kiasi? Kwa kazi ya uwanjani, naona ndiyo. Kwa Indiana, hapana: Januari 2024 mshahara wake mnene ndio uliosaidia mishahara ya pande mbili kulingana walipombadilisha ili kumpata nyota Pascal Siakam kutoka Toronto.

Sasa geukia uchezaji, na uwe mwangalifu na mitupo ya pointi tatu. Mtu akirusha 200 kwa msimu, asilimia 35 ni mitupo 70 iliyoingia, asilimia 40 ni 80. Mitupo kumi tu katika michezo 82! Usilipie mamilioni kwa tofauti hiyo. Angalia misimu mitatu pamoja, na mitupo huru, ambayo haina beki wa kuisumbua. Uliza pia nani alimpa pasi. Brown alikuwa akikata kuelekea kikapuni huku Nikola Jokić, nyota wa Denver, akimtafuta kwa pasi, na Jokić hahami na mkataba wako.

Kiangazi cha 2025, baada ya msimu uliotanguliwa na upasuaji wa goti, na Brooklyn wakiwa karibu peke yao wenye nafasi kubwa chini ya kikomo, Brown alirudi Denver kwa kima cha chini cha mshahara wa ligi.