Pindo la kaptula

Mwanangu alipoingia gredi ya pili nilimnunulia kaptula ya kukulia, nikaipiga pindo. Miaka miwili baadaye pindo lile lilikuwa bado halijafumuliwa, na dada yake mdogo keshamfika begani. Bwanangu akasema kwao ni wafupi. Ufupi hurithiwa kweli, lakini huyu binti je, ametoka kwa nani?

Mtoto wa umri wa shule huongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka mpaka balehe ianze. Basi nikamsimamisha ukutani bila viatu, kitabu utosini, nikapiga mstari wa penseli na tarehe. Baada ya miezi sita, mstari wa pili ulikaa juu ya ule wa kwanza kwa sentimita moja tu.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi hakutoa dawa, aliuliza anakula nini. Asubuhi mahamri na chai ya rangi. Mchana wali mkavu. Usiku sima, mchicha, na chai tena. Tumbo linajaa, lakini protini iko wapi? Na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na kunde. Niliona haya: tunakaa Malindi, na dagaa nilikuwa nawahesabu chakula cha paka! Sasa nawapika kwa nazi, anawala na miba yao, kuna madini ya kalsiamu ya mifupa humo.

Choo kilipopimwa, kulikuwa na mayai ya safura. Minyoo hawa huingia kwa nyayo, na wangu alikuwa akicheza mpira pekupeku. Siku ya dawa za minyoo shuleni alikuwa kitandani na homa, nami sikufuatilia. Wako akiogelea mabwawani na mkojo ukawa na damu, mpeleke apimwe kichocho.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 37 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano hapa Kilifi wamedumaa. Kenya nzima ni 18. Udumavu mwingi huanzia tumboni hadi miaka miwili, kwa hiyo kama una mimba au unanyonyesha, anza na sahani yako. Aliyekwisha kuanza shule hufidia kiasi, si yote. Vidonge vya kurefusha vya mitandaoni mimi sivigusi.

Ukienda kliniki, nakili vipimo vya ukutani pamoja na tarehe zake. Vya mwanangu, wauguzi walivitazama kabla hata ya kumpandisha mizani.