Unapoanza kupima joto la mji kwa picha za setilaiti

Kabla hujachora ramani yoyote, jiulize: namba hii ni joto la nini? Setilaiti za Landsat 8 na 9 hukupa joto la uso wa kitu, yaani paa, lami, majani ya juu ya mti. Hewa anayovuta mpita njia ni habari nyingine. Pikseli, yaani kijimraba kimoja cha picha, ikisema nyuzi 45, usiandike kwamba wakazi wanaishi katika nyuzi 45. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri za wanaoanza huharibika, na inauma, kwa sababu hesabu zote huwa sahihi.

Angalia pia saa. Landsat hupita mnamo saa nne asubuhi, saruji ikiwa bado haijashiba jua. Wakati wa kiangazi utakuta ardhi tupu nje ya mji ina joto kuliko mji wenyewe. Usidhani data zimeharibika: udongo mkavu hupata moto upesi, majengo hukawia, kisha huachia joto hilo taratibu usiku. Kwa vipimo vya usiku nenda MODIS, kipimaji kingine cha setilaiti, ukijua kwamba pikseli yake ni ya kilomita 1 hivi.

Na pikseli ya Landsat ya mita 30? Joto lilipimwa kwa mita 100, ndipo likagawanywa upya. Usitoe hukumu juu ya nyumba moja wala mstari mmoja wa miti. Mabati yanayong'aa nayo hutoa miale michache ya joto, kwa hiyo huonekana baridi kuliko yalivyo. Ukiona doa la buluu katikati ya viwanda, shuku paa kwanza.

Kuhesabu NDVI, kipimo cha uoto wa kijani, ni rahisi: katika Landsat, bendi 5 (infraredi ya karibu) toa bendi 4 (mwanga mwekundu), gawanya kwa jumla ya bendi hizo mbili. Kuielewa ndiko kugumu. Nyasi zilizoota baada ya mvua zinaweza kupata alama sawa na mti mkubwa, ilhali nyasi hazimpi mtu kivuli. Linganisha miaka kwa msimu uleule, ondoa mawingu pamoja na vivuli vyake, na ukitaka uoto kwa undani tumia setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10. Haina kipimo cha joto, kwa hiyo itakubidi uioanishe na Landsat ya tarehe ya karibu. Mvua ikiwa imenyesha katikati ya tarehe hizo mbili, tafuta jozi nyingine.