Mrushaji akishuka kilimani, hesabu amemaliza

Mkuu, futa huo mpango leo leo. Unasema kikosi chako cha watoto wa miaka 11 na 12 kinacheza besiboli Jumamosi kwenye Little League, ligi ya watoto, mrushaji wako bora aanze, awamu ya tatu ahamie shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) au abadilishane na mdakaji kupumzisha mkono, kisha arudi kurusha awamu ya sita. Harudi! Kwenye daraja hilo, mrushaji akishatolewa kilimani (kile kichuguu cha kurushia mpira) ndiyo basi kwa mechi ile, hata kama bado yumo uwanjani. Kuanzia daraja la juu yake, Intermediate, ndiko wanakoruhusiwa kurudi, tena mara moja tu kwa mechi.

Mimi nilijitia fundi hivyo hivyo. Tunaongoza, kijana anarusha moto, nikamhamishia shotistopu eti namtunza. Awamu ya mwisho namwita, mwamuzi akasema kocha, huyu hapana. Nikabisha. Nikabisha mbele ya wazazi wote na viti vyao vya kukunja, na mke wangu akiwemo (nyumbani bado naitwa "wakili"). Mwamuzi akafungua kitabu, nikanywea. Ikabidi arushe mtoto wa besi ya pili ambaye hajawahi kupanda kilimani. Maskini, mipira ikaenda kila mahali isipokuwa ilipotakiwa, wapigaji wakatembezwa besi kwa besi bure mpaka wakatupita. Akalia, na kosa halikuwa lake.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja anayekesha kwenye mechi za wakubwa, mjuaji wa kila kitu. "Mbona Paul Richards alifanya 1951!" Alifanya, ndiyo: akiwa kocha wa timu ya Chicago White Sox alimpeleka mrushaji wake Harry Dorish besi ya tatu, akamleta Billy Pierce amkabili mpigaji Ted Williams, kisha Dorish akarudi kurusha. Hao ni watu wazima wa kulipwa, wana kanuni zao. Na hata huko, mrushaji anahamia nafasi nyingine mara moja tu ndani ya awamu moja, na tangu 2020 anayeingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize awamu, labda aumie. Jambo hilo jamaa hakulisema. Siku ya mechi hata hakuja!

Kitabu cha ligi yako kisome mwenyewe, usisomewe na mtu. Na huyo kijana akishafikisha kurusha mipira 41, hata udakaji haruhusiwi siku hiyo, kwa hiyo lile wazo la kumbadilisha na mdakaji nalo lifute.