Hina yangu haina uhai, nifanyeje?

Swali: Shikamoo Shangazi. Napaka maharusi hina hapa Tanga, huu mwaka wa nne. Mkono wangu mwepesi na mistari hainipotei, lakini nakshi zote nazitoa kwenye simu. Juzi mama wa bi harusi mmoja kaniambia hina yangu nzuri ila haina uhai, nikakae bustanini. Sikumwelewa. Bustani ina nini ambacho simu haina?
– Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo mama anakutakia mema, msikilize.

Mimi hina nilifundishwa na bibi yangu, Mombasa, enzi za kijiti cha chelewa, koni hatuzijui. Kabla hajanipa kijiti alinichukua uani kuchuma asumini. Tulichuma alasiri, kwa sababu asumini huchumwa ingali tumba, ikatungwa uzini, ikaja kuchanua usiku ikiwa tayari iko nyweleni. Akanishikisha tumba moja, akaniambia nilitazame mpaka nichoke. Lina kikonyo chembamba, juu limetuna kidogo, na petali zimelaliana kwa kujisokota, kama kitambaa kilichokamuliwa. Anayetoa nakshi kwenye simu huchora tone la maji tu. Aliyewahi kulishika tumba lenyewe huongeza kamstari kamoja kembamba ka ule msokoto, na ua likawa linataka kufunguka pale pale mkononi. Nadhani huo ndio uhai aliokuwa anautafuta yule mama.

Sasa tazama majani. Mhina wenyewe, huo unaotupa kazi, majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana. Mtambuu sivyo: jani moja huku, jingine kule, umbo la moyo, na kila jani linapotoka shina lina kifundo. Basi mimi vidoleni hufuata mhina, maana kidole ni kifupi na kinapenda mambo ya ulinganifu. Kupanda mkono mpaka kwenye kiwiko hufuata mtambuu, na kile kifundo sikiachi kamwe. Ukikiacha, mmea wako unakuwa kamba iliyobandikwa majani.

Fungua na kabati lako la kanga, mwanangu. Lile umbo lililopinda ncha tunaloliita korosho, Wahindi huliita embe. Wazee wetu waliliona wakalipa jina la kitu kilichoning'inia shambani kwao chini ya bibo. Na mkorosho wenyewe ni mgeni, Wareno waliuleta kutoka Brazil! Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka: macho ya mtu huona kwanza kile kilichoota karibu naye.

Wala si pwani peke yake. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alianza kutengeneza bwawa kwenye bustani yake kijijini Giverny mwaka 1893. Mayungiyungi aliyapanda kwa kuyapenda tu, bila kuwaza kuyachora. Yakaja kumshika mpaka alipofariki mwaka 1926, na ameacha picha zipatazo 250 za mayungiyungi. Hata macho yalipomwingia mtoto wa jicho aliendelea kuyachora.

Kama huna ua, tia udongo kwenye ndoo iliyotoboka, panda asumini, iweke inapopata jua. Kwa wiki mbili simu iache ndani kila alasiri. Chora tumba moja tu kwenye karatasi, kwa koni ile ile unayopakia, si kwa kalamu, ili mkono ujue uzito wake. Siku ya kwanza utachora tone la maji. Usijali, chora tena kesho.

Na asumini yako ikishatoa, tunga kikuba, utie na mrehani, umpelekee yule mama.