Jibu: Fedha za kuondoa panya na kunguru kisiwani Mbudya

Mdau, nimekuelewa: kikundi chenu cha Kunduchi kinataka kuondoa panya na kunguru Mbudya, kisiwa kilicho karibu na Dar es Salaam, ila hamjui fedha za umma zinaombwaje.

Kibali kwanza. Mbudya ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo anzieni ofisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Bila barua yao andiko lenu la kuomba fedha halifiki mbali. Kwa utafiti, fuatilieni matangazo ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), pale Kijitonyama, na mtafuteni mhadhiri awe mtafiti mkuu. Kwa kazi za kijamii kuna ruzuku ndogo za GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia) zinazopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Bajeti ndiyo huwaangusha wengi. Wanaandika mitego, boti na posho (posho haisahauliki!), kisha wanaishia hapo. Panya hurudi na boti moja tu yenye magunia, kwa hiyo tengeni fedha za ufuatiliaji. Tajeni kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walikoondoa panya mwaka 1997. Mfano wa nyumbani una uzito. Kunguru wanavuka kutoka bara kila siku, msiahidi kuwamaliza.

Sumu msiiguse wenyewe. Mwachieni mtaalamu mwenye kibali, maana ndege na kaa wa pale nao wataila.