Kanga ya marehemu mama: usiifue

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Umeuliza kwa nini ukinusa kanga ya marehemu mama yako, yenye harufu ya udi, machozi yanakutoka papo hapo, ilhali picha zake unazitazama bila shida. Na je, uifue?

Usiifue. Wala usidhani umerogwa. Unachokiona kwa macho hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kinachogawa taarifa. Harufu haisubiri huko. Kutoka puani inaingia sehemu ya ubongo iliyo juu tu ya pua, na hapo ni hatua fupi hadi amigdala, penye hisia, na hipokampasi, panapojengwa kumbukumbu. Ndiyo maana unalia kabla hata hujajua umenusa nini. Mimi moshi wa kuni ukichanganyika na mafuta ya nazi hunirudisha jikoni kwa bibi, nikiwa na miaka sita, nimeshika mbuzi ya kukunia. Namwona hadi kucha zake zenye hina.

Ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, uiweke mbali na jua. Usiinuse kila siku, maana harufu itapungua. Ukiwa tayari, fukiza udi nyumbani siku ya furaha, watoto wakiwapo, ili harufu hiyo ishike na mambo mengine pia. Lakini kilio kikikunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, tafadhali dada, muone mshauri nasaha hospitalini.