Kiti cha pweza mtoe kwenye safu ya yavuyavu leo leo

Mtoe. Mtoe sasa hivi kabla hujaenda kulala, mdogo wangu, hayo mengine tutaongea baadae. Umesema uko fomu siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia), praktiko ya baiolojia ni wiki ijayo, na umechora jedwali lako la wanyama: wa duara safu ya kwanza, yaani kiti cha pweza yule wa baharini mwenye umbo la nyota umemweka na yavuyavu yule wa jeli, warefu kama minyoo ya pili, waliokaa sehemu moja bila kutembea ya tatu, wenye gamba gumu ya nne, alafu unauliza limekaa sawa, usome kitabu gani, na michoro uichore vipi. Halijakaa sawa hata kidogo. Nalijua hilo jedwali safu kwa safu, ndo hilohilo lililonilia likizo yangu ya mwaka wa pili chuo.

Kipindi niko A-level nilikuwa naenda tuisheni ya mtaani, jamaa anafundisha jioni na pepa zake anaziuza steshenari, elfu tano bunda zima, na ukurasa wa kwanza kaandika kwa herufi kubwa UMBO HALIDANGANYI. Anatuambia mkiona mnyama angalieni umbo, wa duara na wa duara, wa refu na wa refu, mtihani unaisha dakika kumi. Tukameza. Bahati mbaya swali lenyewe halikuja mwaka wetu nikapita vizuri tu, kwaiyo nikaenda chuo kusoma zuolojia nikiwa na uhakika wa kitu cha uongo.

Mwaka wa pili tukapelekwa Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, kila mtu aokote, apange makundi na aandike kwa nini kapanga hivo. Mi nilimaliza wa kwanza. Kiti cha pweza na yavuyavu kundi moja, duara. Jongoo bahari na nyungunyungu kundi moja, warefu laini. Kuna kile kinachokaa kwenye nguzo kama kifuko cha ngozi, ukikiminya kinakurushia maji, nikakiweka na sifongo kwa sababu vyote vimekaa tu. Na vile vigamba vyeupe vigumu vinavyong'ang'ania chini ya ngalawa mpaka vinakuchana miguu, nikaviweka na konokono. Vinne, na vyote vinne nimekosa. Nikapata alama 11 kati ya 40, na ile ripoti ndo ilikuwa imebeba somo, nikakamata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Sapu ikapangwa wiki zilezile wenzangu wanaenda filidi, mi nilikuwa nimeshapata nafasi Mafia, akapewa mtu mwingine. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, limeisha, nimejibanza kwa shemeji Mbagala, narudia somo ambalo nilikuwa nalipenda kuliko yote. Mpaka leo nikipita steshenari nikaona yale mabunda naumia roho, maana yule mtu hakukosea kwa bahati mbaya, aliulizwa mara mbili darasani na akajibu msinichanganyie wanafunzi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa maabara, wala sio mhadhiri. Siku moja naosha slaidi akaniita, njoo uangalie hapa. Kwenye hadubini kuna kidude angavu kama kioo, kidogo kuliko punje ya mchele, kina mdomo, utumbo umejikunja ndani unaonekana kabisa, pembeni kimezungukwa na pindo la vinyweleo, na ukikigawa katikati upande wa kushoto na wa kulia vinalingana kama wewe na mimi. Akaniuliza nani huyu, nikasema aina ya mnyoo. Akasema huyo ni mtoto wa kiti cha pweza.

Nilirudia kuangalia kama mara tatu.

Sasa sikiliza. Yule lava, yaani mtoto wa mnyama kabla hajapata umbo la ukubwani, anaogelea akiwa na pande mbili, alafu akikua anajishikiza chini na ule mwili wa mikono mitano unajengeka kutokea upande wake wa kushoto. Ile duara ni ya ukubwani, hakuzaliwa nayo! Yavuyavu yeye ana tabaka mbili tu za seli na jeli katikati, na tundu moja la kulia chakula ndo hilohilo la kutolea uchafu. Kiti cha pweza ana tabaka tatu, ana silomu yaani ule uwazi ndani ya mwili, na kwenye kiinitete chake kile kitundu cha kwanza kabisa kinakuwa mkundu, mdomo unatoboka baadae. Konokono na nyungunyungu kwa kawaida kitundu cha kwanza ndo upande wa mdomo. Mwanazuolojia Karl Grobben alishayatenga hayo makundi mawili kwa majina mwaka 1908. Na unajua nani mwingine anaanza na mkundu? Samaki, chura, na wewe unayesoma hapa. Kwaiyo kiti cha pweza ni ndugu yako wa karibu kuliko alivyo ndugu wa yavuyavu.

Na hili kosa ni kongwe. Georges Cuvier, Mfaransa, mwaka 1817 aliwaweka yavuyavu na kiti cha pweza kundi moja la duara, Radiata, na vile vigamba vya ngalawa akaviweka na konokono. Simlaumu, zama zake hizo lava zilikuwa hazijulikani. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson akaonyesha kwamba vile vigamba vikiwa vichanga vinaogelea na vina miguu ya pingili, ni jamaa wa kaa na kamba. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky akaangalia mtoto wa kile kifuko cha kurusha maji, akamkuta kama kiluwiluwi wa chura, ana mkia na notokodi ndani yake, ule ufito wa kushikilia mwili, yaani ni mwenzetu wa kundi la Kodata, wanyama wenye ufito huo, anakuja kuipoteza akishakaa. Ninayemlaumu ni anayekuuzia kosa la 1817 kwa elfu tano mwaka huu.

Utaniambia kwenye praktiko hawakupi lava wanakupa mkubwa. Ndio, ndo maana lava unakariri kabla, alafu kwa mkubwa unatafuta alama. Jongoo bahari mpasue kwa urefu, ukutani kwa ndani utakuta mikanda mitano ya msuli imesimama, mitano, ileile ya kiti cha pweza, na pingili za nyungunyungu huzioni hata moja. Kiti cha pweza mgeuze, kwenye mifereji chini ya mikono utaona vimiguu vya kunyonya vinatembea vyenyewe. Yavuyavu hana hata kimoja.

Kila speshimeni uliyoiweka kwa umbo, iulize ilianzaje ikiwa kiinitete. Anza na kiti cha pweza, jongoo bahari amfuate safu hiyohiyo, ukimaliza tupia picha ya jedwali jipya hapahapa, niko macho mpaka saa sita.